Sura ya Saba: Kwa Nini Ulale Kifudifudi Kumpiga Picha Kitwitwi

Swali hili huulizwa na kijana wa Likoni mwenye simu ya kawaida, na huulizwa vilevile na mgeni wa hoteli ya Bamburi mwenye kamera ya bei kubwa: mbona ndege wa ufuoni akitazamwa kwa macho anapendeza, lakini kwenye picha anageuka kidoa cha kijivu juu ya mchanga wa kijivu? Wengi hujijibu kwamba kifaa ndicho kibaya. Huanza kudunduliza pesa za lenzi ndefu au simu mpya, na wakishaipata hupiga picha zilezile, ila kidoa kimekuwa kikubwa kidogo. Sura hii inatetea jibu lingine. Kasoro kubwa iko kwenye kimo: mpigapicha amesimama wima, naye anampiga picha kiumbe ambaye jicho lake halifiki shubiri moja kutoka ardhini. Akilala kifudifudi na kuishusha lenzi karibu na mchanga, mambo matatu hubadilika kwa pamoja: sura ya ndege, mandhari iliyo nyuma yake, na hofu yake. Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo husahauliwa.

Mtu yeyote aliyewahi kumpiga picha mtoto anayetambaa anaijua nusu ya hoja hii. Ukimpiga ukiwa umesimama unapata utosi na mgongo. Ukichuchumaa unapata uso. Ndege wa ufuoni ni mfupi kuliko huyo mtoto, kwa hiyo kwake kuchuchumaa hakutoshi.

Ndege tunaowazungumzia

Ndege wa ufuoni, katika sura hii, ni wale wanaotembea mchangani, topeni na juu ya miamba wakitafuta chakula maji yanapokupwa. Hawaogelei kama bata, wala hawajitupi baharini kutoka angani kama buabua. Walio wadogo huitwa vitwitwi, jina linalobeba aina nyingi kwa pamoja. Yule mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ni sululu. Yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye wanasayansi humwita Dromas ardeola. Huyu hutaga katika shimo alilochimba mchangani, kwenye visiwa na fuo za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, ambako joto la mchanga humsaidia kuliatamia yai, kisha huja kukaa kwetu kwa miezi mingi. Hori la Mida kule Watamu linajulikana sana kwa makundi yake.

Wengi wa vitwitwi wanaoonekana Mombasa ni wasafiri. Huzaliana kaskazini ya mbali, baadhi yao Siberia karibu na bahari ya barafu, katika kiangazi kifupi cha huko, na huanza kutua kwetu mwezi wa Agosti. Hukaa msimu wote wa kaskazi, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wao wameondoka. Wanaobaki mara nyingi ni wachanga ambao bado hawajafikia umri wa kuzaliana. Mmoja wao, kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, ana uzito wa gramu 60 hivi akiwa hajanenepa. Safari inapokaribia hula kwa bidii mpaka mafuta yamjae mwilini, na manyoya yake ya kifuani hugeuka mekundu ya matofali. Machi na mwanzo wa Aprili ndio wakati anapopendeza kuliko wakati wowote kwenye picha. Ndio pia wakati ambapo kila dakika ya kula ina thamani kubwa kwake, kwa sababu mafuta hayo ndiyo nauli yake ya kurudi. Mambo hayo mawili lazima yakae pamoja kichwani mwa mpigapicha.

Wapo na wakazi. Kitwitwi mmoja mdogo mwenye paji jeupe huzaliana hapahapa kwenye fuo za mchanga za Kenya. Kiota chake ni kishimo kifupi tu juu ya mstari wa maji kujaa, na mayai yake yana rangi ya mchanga wenyewe. Kwa hiyo kabla hujalala popote juu ya mstari huo, tazama kwanza unapolala.

Hesabu ya kimo

Tuchukue mfano mwepesi. Kitwitwi amesimama mita 6 mbele yako, na jicho lake liko sentimita 12 juu ya mchanga. Ukisimama wima, kamera mbele ya uso, lenzi iko kama mita 1.5 juu. Mstari unaotoka kwenye lenzi na kupita kwenye jicho la ndege utagonga mchanga nusu mita tu nyuma yake. Maana yake ni kwamba kila kinachoonekana nyuma ya kichwa chake ni mchanga wa karibu, pamoja na mwani, nyayo na vivuli vilivyomo. Sasa ishushe lenzi hadi sentimita 15. Mstari uleule, kwenye ufuo tambarare, utagonga mchanga mita 24 nyuma ya ndege. Ishushe hadi sentimita 12 na mstari huo hautagonga mchanga kabisa. Utakwenda mpaka kwenye mawimbi na upeo wa bahari. Hujanunua chochote, umeteremka tu.

Umuhimu wa umbali huo unatokana na kile tutakachokiita ukanda wa uwazi, yaani eneo la mbele na nyuma ya kitu ulichokilenga ambalo kwenye picha hutoka wazi, bila kufifia. Kwa lenzi ndefu, ukanda huo kwa ndege wa karibu huwa mwembamba sana. Kitu kilicho nusu mita nyuma yake hufifia kidogo tu na bado kinasumbua. Kilicho mita 24 nyuma huyeyuka kikawa rangi tupu. Kwenye simu ukanda huo ni mpana zaidi, na hapa msomaji anaweza kusema kwamba hesabu hii haimhusu. Inamhusu. Simu haiwezi kufifisha mandhari kwa kiwango cha lenzi ndefu, lakini ikishuka inabadilisha mandhari yenyewe: nyuma ya ndege hakuna tena mchanga wa kijivu unaofanana naye, kuna maji ya samawati au povu jeupe, naye anajitokeza.

Kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi, na inatoka kwa ndege mwenyewe. Mgongo wa kitwitwi una rangi ya mchanga na tope ili kipanga au kozi anayepita juu asimwone. Tumbo lake ni jeupe. Anayempiga picha kutoka juu anampiga kutoka upande uleule ambao maumbile yameupaka rangi ya kujificha, kisha anashangaa kwamba ndege haonekani. Ukishuka hadi kimo chake unaona tumbo jeupe, mstari wa mdomo, miguu, na jicho lenye nukta ya mwanga. Yule kitwitwi mweupe anayekimbizana na mawimbi ni mfano mzuri. Wimbi likirudi analifuata mbio, anachoma mchanga wenye maji mara kadhaa kwa mdomo, anaacha mstari wa vitobo, na wimbi jipya likija anakimbia mbele yake bila kuruka. Ukiwa chini karibu naye unaona kwamba mguu wake una vidole vitatu vya mbele tu, hana kile kidogo cha nyuma ambacho jamaa zake wengi wanacho, na unamwona mzima kichwa chini kwenye mchanga ulioloa. Aliyesimama hayaoni hayo, hata awe na lenzi ya bei gani.

Kwa ufupi: lenzi iwe sawa na jicho la ndege au juu yake kidogo tu; tofauti ya sentimita chache kwa kimo hicho hubadilisha picha kuliko tofauti ya simu na simu.

Yaache maji yamlete

Pingamizi la haraka ni hili: nikilala chini, nitamkaribia vipi? Jibu ni kwamba usimkaribie. Bahari ya Mombasa hujaa na kukupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa hupita mita 3. Maji yakikupwa ndege hutawanyika mbali, hadi kwenye miamba ya nje. Yakianza kujaa, eneo la kulia chakula linapungua na ndege wanasukumwa kuelekea nchi kavu. Mtu aliyekwisha kulala mahali pake kabla hawajafika hahitaji kutambaa hata hatua moja. Tena mtu wa pwani hana haja ya kifaa kujua saa. Wavuvi huhesabu kwa mwezi, na majedwali ya maji ya Kilindini yapo kwa anayeyataka.

Mombasa ina bahati ambayo wapigapicha wengi hawajaitumia. Hapa bamvua hukupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Ufuo wa kuanzia Nyali hadi Shanzu, na ule wa Likoni kwenye Shelly Beach, unatazama mashariki. Kwa hiyo asubuhi jua liko usoni mwa mpigapicha, na ndege anatoka kivuli kitupu. Alasiri ya bamvua jua liko mgongoni, na maji yanawaleta ndege mbele yake wakati huohuo. Saa nane hadi saa kumi alasiri, siku mbili tatu kila upande wa mwezi mpevu au mwandamo, ndizo saa za kuzitafuta. Ukichelewa, vivuli vya mivinje na majengo ya hoteli huufunika mchanga. Wakati wa maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, na tofauti ya kujaa na kukupwa ni ndogo, hivyo ndege hawasukumwi kwa nguvu ileile.

Maji yakishajaa kabisa, ndege hukusanyika mahali pakavu kupumzika na kusubiri. Hapo kazi ya mpigapicha imekwisha. Kuwarusha ndege waliopumzika ili upate picha ya kundi likiwa angani ni kuwapotezea nguvu walizozitafuta kwa saa nyingi, na hakuna picha inayolipia hasara hiyo. Ndege akisita kula, akanyoosha shingo, akaanza kutikisa mwili au kutembea kwa haraka akikupa mgongo, amekwisha kukuambia kwamba uko karibu mno. Tulia, au rudi nyuma polepole ukiwa bado chini.

Unachohitaji ni kidogo:

– Gunia au kipande cha turubai cha kulalia, na leso kuukuu ya kufunika kichwa na kamera.
– Sinia la plastiki la kuwekea kamera, ili iteleze juu ya mchanga bila kuugusa. Mwenye lenzi nzito aongeze kifuko cha kitambaa kilichojazwa maharagwe cha kuiegemezea.
– Kwa simu, igeuze juu chini ili lenzi iwe upande wa mchanga, kisha piga picha nyingi mfululizo ndege anapokimbia. Usikuze picha kwa vidole kupita uwezo wa lenzi; afadhali ndege awe mdogo na wazi.
– Kwa kamera, weka kasi ya sekunde 1/1000 au zaidi, maana miguu ya kitwitwi haisubiri.
– Kitambaa kilicholowa maji baridi cha kufutia chumvi kabla hujafika nyumbani.

Tope la mahori

Bara la Mombasa lina upande wa pili ambao watalii hawaujui, ule wa mahori: Tudor upande wa Kisauni na Mikindani, Mtwapa upande wa Shanzu, na Port Reitz upande wa Changamwe. Hapa hakuna mchanga mweupe. Kuna tope na mikoko, na kuna kaa wadogo wenye gando moja kubwa ambao sululu huwavizia mmoja mmoja. Akimkamata mkubwa, mara nyingi humtikisa mpaka gando lidondoke kabla ya kummeza. Kwa wingi wa chakula, tope huwalisha ndege hawa kuliko fuo nyingi za hoteli. Lakini mtu hawezi kulala topeni. Atazama, na mizizi iliyosimama wima ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, itamchoma. Njia nzuri ni mtumbwi. Ukikaa chini ndani yake, ukaegemeza lenzi kwenye ukingo, uko karibu na kimo cha sululu, na ndege waliozoea wavuvi humwogopa mtu wa mtumbwini kidogo kuliko wa miguu. Nenda na mvuvi anayejua njia za maji, maana maji yakikupwa mtumbwi hukwama, na mlipe kazi yake.

Mapingamizi mawili ya kweli

Wapo wanaosema kwamba kulala kifudifudi karibu na ndege ni tabia ya mwindaji, na ndege atakuchukulia hivyo. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Ndege humwogopa zaidi mtu anayemwelekea, na anayetambaa moja kwa moja kuelekea kundi huweza kulitisha sawa na anayetembea. Ndiyo sababu hoja ya kimo haitengani na hoja ya maji: mtu aliyelala bila kusogea, ambaye ndege ndiye anayemjia, ni umbo dogo lisilobadilika, na vitwitwi hupita karibu naye wakiendelea kula. Anayetaka kutambaa ili awahi ameiacha nusu nzuri ya mbinu hii.

Wengine wana wasiwasi wa usalama na heshima. Mtu mzima aliyelala mchangani na lenzi ndefu huvuta macho, na katika bara la Mombasa macho mengine ni ya walinzi. Bandari, kambi ya jeshi la wanamaji Mtongwe, kivuko cha Likoni na uwanja wa ndege wa Moi ni maeneo ya ulinzi. Usielekeze lenzi huko hata kama sululu amesimama mbele yake. Chagua mahali panapotazama bahari wazi. Kwenye bandari za wavuvi, waone kwanza kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, ueleze unachofanya. Bahari ya kuanzia Nyali hadi Shanzu iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na inayosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, kwa hiyo anayetaka kwenda kwenye miamba kwa mashua aulize taratibu zake. Kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, watu, ngamia na mipira hawaachi nafasi wikendi. Nenda siku ya kazi. Nenda na mwenzako atakayetazama mizigo wakati jicho lako liko kwenye lenzi.

Nitaongeza udhaifu mmoja ambao watetezi wa mbinu hii huupuuza. Karibu na mchanga wa moto hewa hucheza, na saa sita mchana picha ya kutoka chini hutoka yenye mawimbi hata lenzi ikiwa safi. Hili halitibiki kwa kifaa. Litibu kwa kumpiga ndege aliye karibu, juu ya mchanga uliolowa, jua likiwa limeteremka.

Picha safi, ufuo mchafu

Pingamizi zito kuliko yote linahusu ukweli. Tumesema kwamba kushuka chini kunaondoa vurugu nyuma ya ndege. Je, hatuondoi pia ukuta wa hoteli uliojengwa mpaka majini, maji taka na taka za plastiki? Picha nzuri ya kitwitwi juu ya bahari ya samawati inaweza kumfanya mtu wa Nairobi aamini kwamba ufuo wa Mombasa uko salama. Naliona pingamizi hili kuwa la haki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini vizibo na chupa bado viko kwenye mstari wa maji kujaa. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika kutoka kwenye meli katika Port Reitz na kuharibu mikoko. Penye kuta za zege, maji ya bamvua hufika ukutani, na ndege hawabakiwi na mchanga wa kupumzikia. Mpigapicha anayefuta haya yote kwa ufundi wake anasema nusu ya habari.

Lakini dawa haiko kwenye kusimama tena. Kutoka juu, kizibo cha chupa ni takataka ndogo isiyotazamwa mara mbili. Kutoka kimo cha kitwitwi, kizibo kinafika kwenye goti lake, na chupa iliyosimama inampita urefu. Hakuna pembe inayoonyesha ukubwa wa taka hizo kwa ndege kuliko pembe hiyo ya chini. Kwa hiyo ninashauri kila anayelala mchangani apige picha mbili bila kuinuka: moja ya karibu, ndege peke yake, na nyingine pana, ndege akiwa mdogo na ukuta, taka, watu au majengo yakiwa nyuma yake. Ya kwanza itawafanya watu wampende ndege. Ya pili itawaonyesha anapoishi. Anayezitoa zote mbili pamoja amesema habari nzima.

Na kabla hujafuta zile ambazo hazikupendeza, zikuze uangalie miguu. Watafiti wamewavisha pete baadhi ya ndege wa ufuoni, wakiwemo wale waliovishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya huko Mida, na picha iliyopigwa kutoka chini ndiyo huonyesha pete ambayo aliyesimama hangeiona. Ukiiona, andika tarehe, saa, mahali na rangi au namba ya pete hiyo, kisha uipeleke picha kwa A Rocha Kenya au Nature Kenya. Ukiwa huna pete ya kuripoti, ingiza ndege uliowatambua kwenye Kenya Bird Map. Usiache picha hizo zilale kwenye simu yako.